Machozi Yaliyompa Melba Cheo

Wasimamizi wengine wa kile kiwanda cha jodari walipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Delfa Sumagaysay hakupiga. Akiona mambo yanaharibika kwenye meza yake, aliweka kisu chini, akaenda kusimama mwisho wa meza, akamtazama aliyeharibu. Basi. Aliyetazamwa alijirekebisha bila kuambiwa, na jirani zake nao wakajirekebisha kwa yasiyowahusu.

"Heri anitukane," alizoea kusema Wilma, mama mmoja kijana wa meza hiyo. "Akinitazama vile nakumbuka hata dhambi za utotoni."

Wala hawakumchukia. Siku bomba la mvuke lilipopasuka na ukumbi mzima ukawa mweupe kama uji, wanawake walikuwa tayari kukanyagana mlangoni. Delfa alipanda juu ya kreti, akavua barakoa ili wamwone uso, akainua mkono mmoja. Wakatoka meza baada ya meza, wameshikana aproni kama watoto wa chekechea, naye akawa wa mwisho. Meneja, Bwana Quirante, walimkuta ameshafika ng'ambo ya geti zamani, anauliza kama magari yako salama.

Kwa hiyo msimamizi mkuu wa ukumbi, bibi mmoja wa makamo, alipostaafu akarudi kwao Capiz, hapakuwa na mtu aliyeuliza nani atashika nafasi yake. Wanawake walianza kumwita Delfa "mkuu" kabla ya cheo chenyewe kufika. Hata Melba Ondangan, aliyekuwa msimamizi wa meza ya pili, alimpigia saluti kwa kisu cha minofu.

"Mkuu, ukishakaa ofisini usitusahau sisi tunaonuka."

"Nyamaza, Melba. Watasikia."

"Wasikie! Shoga yangu anapanda, mimi nifiche?"

Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Walianza kazi wasichana kwenye kiwanda kingine karibu na bandari ya samaki, kile kilichofungwa baadaye, na kilipofungwa walihamia huku Tambler pamoja. Walipanga nyumba zilizotazamana. Delfa alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, Melba ndiye aliyemshika kanisani, akawa mama yake wa ubatizo. Melba mwenyewe hakujaliwa mtoto. Mumewe alikwenda Dubai kufanya kazi za umeme, na simu zake zikapungua, kisha zikakoma. Lakini Melba alikuwa mtu wa vicheko. Alikuwa na maneno, alikuwa na mikono inayoongea, na akipita kwenye ukumbi hata wanaume wa chumba cha barafu walichungulia.

Bwana Quirante alikuwa mgeni kutoka Manila, na alikuwa na imani moja kubwa maishani, nayo ni semina. Alimwita Delfa ofisini.

"Kazi yako naijua, haina kasoro," alisema. "Lakini msimamizi mkuu anatazamwa na watu wote. Anahitaji haiba. Wewe, samahani nikuambie, una uso wa matanga. Kila siku ukiingia nahisi nitoe rambirambi."

Delfa aliangalia mabuti yake ya mpira.

"Ndiyo uso wangu, bosi."

"Basi nenda ukautafute mwingine. Nawapeleka wasimamizi wote semina. Atakayeonyesha uongozi wa kweli, uliotoka moyoni, ndiye nitakayempa."

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja mlimani, mahali ambapo baridi ya mashine iliwafanya watu wakunje mikono. Wasimamizi walikuwa wamejisugua kwa ndimu ndogo mpaka ngozi ikawawasha, na bado, walipokaa pamoja, jodari alikuwa yumo miongoni mwao. Mkufunzi kutoka Manila, Bi Trixie Alcaraz, alikuwa mwembamba, mwenye viatu vyeupe na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Aliwasimamisha, akawanyoosha mabega, akawafundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni na kumtazama mtu machoni bila kupepesa. Hilo la kutazama Delfa alilifanya mara moja, na aliyetazamwa, kijana mmoja wa chumba cha barafu, akaomba radhi bila kujua kosa lake. Watu wakacheka. Bi Trixie hakucheka.

"Unamtisha, mama. Jicho lako linafunga mlango. Sisi tunataka jicho linalofungua."

Baada ya chakula cha mchana akawaweka kwenye duara.

"Haiba haivaliwi kama aproni," alisema. "Inatoka kwenye jeraha. Kiongozi anayeficha jeraha lake hana wafuasi, ana watu wanaomwogopa tu. Kila mmoja atasimama, atatuonyesha jeraha lake. La kweli! Nikisikia la uongo nitalijua, nina miaka mingi kwenye kazi hii."

Wakaanza. Yule kijana wa barafu alisema juu ya baba mlevi, akapigiwa makofi ya wastani. Mwingine alisema amewahi kufeli mtihani. Bwana Quirante, aliyekaa pembeni na kahawa yake, alikuwa anatazama simu.

Delfa alikuwa anatafuta la kusema na hakulipata, kwa sababu lilikuwepo moja tu, na hilo hakuwa amelisema popote ila mara moja, kwa mtu mmoja, jikoni, siku ya tisa baada ya mazishi. Aliapa moyoni kwamba atasema amewahi kufeli mtihani.

Melba akasimama.

Alianza polepole, hana vicheko. Alisema zamani, kwenye kiwanda cha kule bandarini, alikuwa na binti mdogo. "Tulimwita Nene," alisema, kama wanavyobembelezwa wasichana wadogo wa huko. Delfa alimtazama kwa mshangao. Melba akaendelea. Mtoto alishikwa na homa ya dengue. Siku hiyo meli kubwa ilishusha samaki, na msimamizi akasema anayetoka asirudi. "Nikaogopa kupoteza kazi. Nikaendelea kukata. Nikakata mpaka filimbi ya kutoka."

Hapo Delfa alielewa, au alidhani ameelewa. Alidhani Melba anasema kwa niaba yake. Alikasirika, na chini ya hasira palikuwa na kitu kinachofanana na shukrani: rafiki yake amejua kwamba yeye hataweza, akaamua kumtolea mzigo huo kinywani. Mwishoni atageuka, atasema, "na mama huyo ndiye huyu hapa." Delfa alijiandaa. Alifuta viganja kwenye sketi.

"Nikafika hospitali na nguo za kazi," alisema Melba, na sauti ikaanza kukatika. "Nikamshika shavu. Akanisukuma mkono. Akaniambia, 'Mama, unanuka samaki. Usinishike.' Nikatoka nje mbio kwenda bombani kunawa. Nikanawa, nikanusa, nikanawa tena. Niliporudi..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja. Wanaume wenye mikono ya kubeba barafu walikuwa wanajifuta macho kwa mabega. Bwana Quirante alikuwa ameweka simu chini. Bi Trixie alisimama, machozi yakimchuruzika bila kuharibu wanja, akamkumbatia Melba kwa muda mrefu. Na Melba alikuwa analia kweli. Hilo ndilo lililomkata Delfa maini. Machozi yalikuwa ya kweli, kamasi zilikuwa za kweli, mabega yalikuwa yanatikisika. Delfa alisubiri atajwe. Melba akakaa.

"Nani atafuata?" aliuliza Bi Trixie kwa sauti ndogo. "Delfa. Njoo. Usiogope. Baada ya zawadi kama hii, tupe na wewe yako."

Delfa alisimama. Alitaka kusema mengi, lakini yalitoka maneno manne tu.

"Mtoto huyo ni wangu."

Bi Trixie akaweka mkono kifuani.

"Mmesikia?" alisema, uso ukimng'aa. "Jamani, mmesikia? Huyu mama aliyekuwa ukuta tangu asubuhi! Ameguswa na uchungu wa mwenzake mpaka ameuchukua kuwa wake. Huo ndio uongozi! Maumivu ya mfanyakazi wako ni maumivu yako. Simameni wote. Tuseme pamoja. Mtoto huyo ni wangu."

"Mtoto huyo ni wangu," wakasema.

"Kutoka tumboni!"

"Mtoto huyo ni wangu!"

Alisema kijana wa barafu, akasema Bwana Quirante, kwa kishindo kuliko wote. Wahudumu wa hoteli waliokuwa wanaondoa vikombe walisita, nao wakasema. Melba alikuwa ameinamisha kichwa na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Hamjanielewa," Delfa alisema. Hakuna aliyesikia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alipiga kelele. "Hamjanielewa! Nasema nilimzaa mimi! Jina lake Ikay, si Nene. Nilimzaa mimi, nimemzika mimi. Huyu alikuwa mama wa ubatizo!"

Watu wakamgeukia Melba. Melba alikuwa na nafasi, kwa pumzi moja au mbili hivi, ya kuwa mtu. Aliinua uso uliolowa, akafungua mikono.

"Mwacheni dada yangu," alisema. "Alimpenda sana yule mtoto. Tuliishi kama nyumba moja. Kila mtu ana namna yake ya kuomboleza."

Ukumbi ukashusha pumzi. Mama mmoja wa ufungaji makopo alitikisa kichwa kwa huruma. Bi Trixie alimshika Delfa bega, akamketisha kama anavyoketishwa mgonjwa.

"Hutokea," aliwaambia wengine. "Jeraha la mwenzio linaweza kukuvutia mpaka ukaliiba. Tusimhukumu."

Kesho yake Bwana Quirante alimwita Delfa ofisini na hakumkaribisha kiti.

"Wivu ni ugonjwa, Dada Delfa. Lakini kumgombea mtoto wa watu aliyekufa! Mimi na umri wangu huu sijawahi kuona."

"Nina cheti chake cha kifo, bosi. Jina langu limo."

Meneja aliegemea kiti, akamtazama kwa udadisi, kama mtu anayengoja kuona mdudu atageukia wapi.

"Utakileta? Utakuja hapa ofisini na cheti cha kifo cha mwanao ili nikupe cheo? Haya, kilete. Tutakiweka mezani, tumwite na Melba, tupime."

Delfa alifikiria bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Alifikiria mkono wake ukilifungua, na vidole vya huyu bwana, vyenye pete, vikikunjua karatasi ile na kuinusa kama hati ya kreti la samaki. Ikawa ndiyo ametiwa kitanzi na mtu anayecheka. Akiileta, amemuuza mtoto kwa cheo. Asipoileta, ni mwongo.

"Sileti," alisema.

"Nilijua," alisema Bwana Quirante, akafungua jalada jingine.

Melba akapewa cheo, pamoja na aproni ya bluu. Delfa alimvizia chumba cha kubadilishia nguo, walipobaki peke yao kwenye masinki. Melba alikuwa anajisugua mikono kwa ndimu, kucha moja moja.

"Kwa nini?" Delfa aliuliza.

"Kwa nini nini?"

"Melba, usinifanyie hivyo."

Melba alifunga bomba. Hakuwa na aibu usoni, wala hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kusubiri zamu yake.

"Kwa sababu wewe usingemsema. Ungesimama pale ukasema umefeli mtihani. Nakujua. Umemfungia yule mtoto kwenye bati la biskuti miaka yote hii, hatoki, hatajwi, hata misa ya kumbukumbu unaniachia mimi niwashe mshumaa. Alikuwa analala bure. Mimi nimempa kazi."

"Kazi?"

"Ndiyo, kazi. Na usinitazame hivyo, mimi si wa meza yako. Una mume, una mwana wa kiume anasoma, una watu wanakuogopa ukiinua nyusi. Hata wa kumlilia unaye. Mimi nina nini? Sina hata kaburi. Nilimshika kanisani kabla hata maji hayajamgusa. Nimelia kuliko baba yake. Unasema simpati hata kidogo?"

"Alikuambia wewe usimshike?" Delfa aliuliza. "Alikusukuma wewe?"

Melba alijipangusa mikono, akavaa aproni ya bluu, akafunga kamba nyuma mwenyewe.

"Rudi mezani, Dada Delfa," alisema. "Filimbi imelia."

Hadithi ile haikukaa kiwandani. Ilipanda pikipiki za magurudumu matatu za Tambler, ikashuka sokoni, ikaingia kwenye mtambo wa barafu alikokuwa anafanya kazi Gardo, mume wa Delfa. Mwenzake mmoja alimsimulia wakati wa chakula, naye akasikiliza kwa adabu mpaka hadithi ilipofika kwenye bomba la kunawia. Jioni alirudi nyumbani, akakaa mbele ya wali na samaki mkavu, hakula.

"Siku ile nilikuwa Davao," alisema. "Nilikuuliza alikufaje. Ukaniambia alilala tu, kama ndege."

Delfa alimsogezea sahani.

"Kumbe alisema kitu."

"Gardo..."

"Neno la mwisho la mwanangu nimeambiwa na mbeba barafu mwenye mdomo umejaa wali. Amenisimulia kama sinema. Melba analijua. Mkufunzi wa Manila analijua. Jiji zima la General Santos linalijua. Mimi baba yake, hapana."

"Niliona litakuua."

"Basi ungeniua wewe."

Alichukua mkeka wake akautandika chumba cha mbele, na hakuurudisha. Hakumpiga, hakumtukana, aliendelea kulipa ada ya mtoto na kutengeneza paa likivuja. Ila alianza kumwita Delfa "mama Jun" kwa jina la kijana wao, kama wanavyomwita majirani, na hakumwita tena kwa jina lake.

Kiwandani Melba alishamiri. Tuseme la haki: alikuwa mzuri katika kazi ile. Kila kundi jipya la wanawake lilipoingia, asubuhi ya kwanza aliwakusanya kabla ya kuvaa barakoa, akawasimulia. Walilia, na baada ya kulia walifanya kazi kwa moyo, wakimwona ni mwenzao. Hadithi nayo ilikuwa inakua. Meli ikawa mbili, msimamizi wa zamani akawa na fimbo. Nene akapata nywele ndefu za kusuka, ingawa Ikay alikuwa amenyolewa kwa ajili ya upele. Delfa alisimama kwenye meza yake, visu vikiwa vimepangwa, akisikia mwanawe anafugiwa nywele.

Alikuwa bado anatazama. Lakini jicho lake lilikuwa halina nguvu tena. Habari za semina zilikuwa zimeenea, na mtu ambaye watu wameambiwa ni mwizi wa maiti hawezi kumnyoosha mtu kwa kumtazama. Wanawake wa mezani waliinua macho, wakakutana na lake, wakaendelea walivyokuwa. Mmoja aliwahi kumnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kutosha, "Ficha mwanao, asije akasema ni wake." Wakacheka ndani ya barakoa. Wilma hakucheka, na Delfa alimpenda kwa hilo.

Msimu wa mvua, siku ambayo meli zilishusha samaki wengi, Wilma alipata ujumbe. Mtoto wake wa kiume alikuwa na homa kali, shingo imekakamaa, bibi yake hajui la kufanya. Alimwendea Delfa na simu mkononi, jambo lililokatazwa ukumbini.

"Dada, naomba nitoke."

Delfa hakuuliza lolote. Alimfungua Wilma kamba ya aproni kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kutoka katikati ya zamu kulihitaji ruhusa ya mkuu, na mkuu alikuwa ameshaona, anakuja kati ya meza na aproni yake ya bluu.

"Kuna nini?"

Wilma alieleza, akilia. Melba alimshika mikono yote miwili. Alimtazama machoni bila kupepesa, na macho yake yakajaa machozi.

"Nakuelewa," alisema. "Hakuna mtu humu anayekuelewa kama mimi. Siku mwanangu anaumwa nilisimama mezani kama ulivyosimama wewe. Niliumia, Wilma. Lakini sikuwaacha wenzangu na mzigo. Na Mungu hakuniacha. Tazama leo nilipo. Wewe ni shujaa. Nyumbani yuko bibi yake. Hapa tuko sisi. Maliza zamu, mimi mwenyewe nitakuombea."

Ukumbi mzima ulikuwa umepunguza kasi ili usikie. Delfa aliitazama ile aproni iliyofunguliwa.

"Wilma," alisema. "Nenda."

Lilikuwa neno moja, la utulivu, kama lile la siku ya mvuke. Wilma aligeuza macho kwa Delfa, akayarudisha kwa Melba. Huyu mmoja alikuwa amevuliwa kila kitu. Huyu mwingine alikuwa na aproni ya bluu na mashavu yaliyolowa. Wilma alirudisha kamba nyuma, akafunga fundo.

"Kama dada Melba aliweza," alisema, "na mimi nitaweza."

Mtu alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, glavu zilizolowa zikilia paa, paa. Wilma alichukua kisu. Alikata mpaka filimbi.

Mtoto hakufa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, wakaelezwa, na angewahishwa ingekuwa nafuu. Alipona akiwa hasikii sauti yoyote, akawa anawatazama watu midomo kwa wasiwasi. Bwana Quirante alimpa Wilma cheti cha mfanyakazi bora wa mwaka, na picha yake ikabandikwa karibu na saa ya mlangoni.

Delfa alimfuata siku aliyorudi. Alitaka kumwambia kwamba anajua. Kwamba yeye pia. Alianza vibaya.

"Ulipaswa kwenda, Wilma. Nilikuambia."

Wilma aligeuka kama aliyechomwa.

"Usiniambie lolote! Mimi nilifanya alichofanya mama mwenye moyo. Dada Melba amekuja hospitali, amelia na mimi, amelala na mimi chini sakafuni. Wewe ulikuwa wapi? Wewe ni wa kutazama tu." Akavuta pumzi, na ilipotoka sauti ikawa ya upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi. "Hata sikulaumu. Huwezi kuelewa, dada. Hujawahi kupitia."

Delfa alifungua mdomo. Nyuma yake wanawake walikuwa wanavaa nyavu za nywele, wakijifanya hawasikii. Angesema, wangecheka ndani ya barakoa. Akachukua wavu wake wa nywele, akauvaa.

Mwaka uliofuata Wilma alipelekwa semina. Alirudi na mabega yamenyooka, akapewa meza ya Delfa. Wanasema alisimulia vizuri, mpaka mkufunzi akamwomba ampeleke na mtoto siku nyingine, asimame tu pale mbele, asihitaji kusema kitu. Delfa hakungoja kuambiwa. Alirudisha visu na mabuti, hakuagwa, na Melba siku hiyo alikuwa na wageni.

Alihamia Polomolok kwa dada yake, kwenye mashamba ya mananasi, Jun akabaki na baba yake kwa ajili ya shule. Kule kazi ni ya jua na miiba, na watu huchukuliwa kwa makundi, wamepanga mstari kando ya barabara. Nyapara alikuwa kijana mwenye kofia pana na haraka nyingi.

"Umewahi kuongoza watu?"

"Hapana."

"Vizuri, wajuaji wananichosha. Una watoto?"

Kwa miaka mingi, akiulizwa hivyo, Delfa alikuwa anajibu mmoja, ili asiulizwe la pili.

"Wawili," alisema.

"Wadogo?"

"Mmoja mkubwa. Mmoja mdogo."

Nyapara alimtazama kwa mara ya kwanza, akakunja uso.

"Sikiliza, mama. Hapa sitaki mambo ya mtoto anaumwa, mtoto ana homa, naomba nitoke. Wenye watoto wadogo ndio wananiharibia hesabu. Huyo mdogo ni wa kuumwa-umwa?"

"Haumwi," Delfa alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akatupiwa glavu za turubai, akaoneshwa mstari wake.